Wageni wa Mwirigi

Kianjokoma,
11 Novemba 1984

Kwa ndugu yangu Mwirigi,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye ukungu. Sisi tuko salama, ila mguu wa Mama umerudi kuvimba tangu baridi ianze. Anatembea mpaka mlangoni akishika ukuta, halafu anajifanya alitaka tu kuangalia jua. Baba Wamuyu ni mzima na mtoto ni mzima. Nyinyi huko Makutano mko aje? Karambu ameacha kukohoa?

Mvua imekuja, tunamshukuru Mungu. Mahindi yamefika magotini, lakini mahindi ya magotini hayapikwi. Bado tunakula yale ya manjano ya msaada, na Wamuyu bado anayakunjia uso. Mbuzi waliisha wakati wa kiangazi, hilo unajua.

Ninaandika mapema kwa sababu ya Krismasi. Tangu Mama ahamie kwangu, ukoo wote unakuja hapa, na sikatai, mama ni wetu sote. Lakini mwaka jana sikukalia kiti. Nilisukuma chapati mpaka mabega yakagoma. Kila mwanamke nilimpa kitambaa, kila mtoto nguo. Mlipoondoka nilimkuta Baba Wamuyu jikoni akikwangua sufuria, kwa maana hakuna aliyemkumbuka, hata mimi. Januari yote tulikunywa chai ya rangi bila sukari.

Mwaka huu nimewaza hivi. Tupike sufuria moja kubwa ya githeri, mahindi na maharagwe tu, tuchimbe nduma kule mtoni, na chai iwe ya maziwa. Atakayekuja aje na kitu cha shamba lake, hata ndizi. Zawadi tusinunuliane. Mama peke yake tumtafutie viatu laini, mimi na wewe tusaidiane. Watoto nitawashonea mipira ya matambara. Nataka mara moja tu nikae karibu na Mama siku ya Krismasi, nisikie anachocheka.

Niambie kama umekubali, niwaambie wengine.

Ni mimi dada yako,
Marcella


Makutano, Meru,
24 Novemba 1984

Kwa dada yangu Mama Wamuyu,

Nakusalimu wewe, Mama, na shemeji Baba Wamuyu. Sisi tunaendelea. Karambu alipona kikohozi, sasa ni mimi nakohoa vumbi la simiti hapa dukani.

Dada, umechelewa. Nimeshaalika wakwe. Mzee Kiogora na mama mkwe Ednah wanakuja Krismasi kwako. Kwangu siwezi kuwapeleka, chumba ni kimoja na kitanda ndicho kiti. Tangu nimwoe Karambu hawajawahi kukanyaga upande wetu, na wewe unajua walivyo watu wakubwa kule kwao. Siku ya harusi meza zao zilijaa nyama mpaka sisi tukaonekana tumekuja kula. Sijasahau.

Sasa nimkalishe mkwe mbele ya mahindi ya manjano? Nitawaangalia na macho gani?

Usiwe na wasiwasi. Bosi ametuahidi kitu cha sikukuu. Nitakuja na mbuzi, mchele, unga wa ngano, mafuta, na blanketi kwa kila mtu, tena yale mazito. Wewe kazi yako ni kupika tu.

Ndugu yako,
Mwirigi


Kianjokoma,
3 Desemba 1984

Mwirigi,

Hatujambo. Mguu wa Mama ni vile vile.

Kazi yangu ni kupika tu. Hayo maneno niliyasoma kwa sauti, na Baba Wamuyu akachukua kofia yake akatoka nje.

Hivi unajua kupika "tu" ni nini? Ni kuteka maji mtoni, na utelezi huu. Ni kutafuta kuni kavu wakati kila kitu kimelowa. Ni kuomba viti kwa majirani, kuomba sahani, kuhesabu vijiko nikirudisha. Na asubuhi hiyo hiyo nimwoshe Mama, nimvalishe, nimfunge mguu. Wewe unaalika watu nyumbani kwangu kama mtu anayekaribisha wageni kanisani.

Nani amekuomba blanketi? Mimi niliomba viatu vya Mama. Juu ya viatu hukuandika hata neno moja.

Waandikie wakwe, waambie ukweli. Waambie mwaka huu njaa imepita kwetu kama ilivyopita kwao. Kama hutaki kuwaandikia, basi waje, lakini watakula githeri.

Dada yako,
Marcella


Makutano,
15 Desemba 1984

Kwa dada,

Salamu. Nina haraka, duka limejaa.

Wakwe siwezi kuwarudisha, wameshaambia watu. Tutafika tarehe 24 jioni. Usipike githeri. Narudia, usipike githeri. Vitu vyote vinakuja. Mama asiambiwe, nataka kumshangaza.

Ndugu yako,
Mwirigi


Kianjokoma,
29 Desemba 1984

Mwirigi,

Sijui nianze kwa kukusalimu au kwa kukuuliza uko wapi. Uko mzima? Basi. Mama yuko mzima. Na mke wako pia ni mzima, yuko hapa kwangu.

Tarehe 24 giza likiingia nilisikia hodi. Nilifungua nikaona Karambu, nyuma yake Mzee Kiogora na koti lake na kofia, na mama Ednah na kikapu kilichofunikwa kitambaa. Nikatazama nyuma yao. Hakuna mtu.

"Mwirigi yuko wapi?"

"Alituweka kwenye basi," Karambu akasema. "Atakuja na lori, na vitu."

Nilikuwa nimekutii, Mwirigi. Ujinga wangu ni huo. Sikuchemsha mahindi, sikuloweka maharagwe. Tulikaa tukisubiri lori. Kila gari lililopanda huku Mama aliinua kichwa, maana Wamuyu alikuwa amemwambia unakuja na kitu cha kumshangaza. Wageni walilala na chai na nduma baridi.

Asubuhi ya Krismasi nikajua huji. Niliingia jikoni nikafunga mlango nikalia. Si kwa huzuni, kwa hasira. Halafu nikaweka mahindi ya manjano motoni, na maharagwe ambayo hayajalowa, kwa hivyo unajua yalichukua muda gani. Nilikuwa nikipuliza moto nikasikia mlango ukifunguliwa. Ni mama Ednah. Amejifunga leso kiunoni.

"Mama, rudi ukae, wewe ni mgeni," nikamwambia.

"Nimekaa tangu jana. Kisu kiko wapi?"

Aliketi kwenye kigoda changu akaanza kumenya viazi. Akamenya viwili vitatu, kisha akasema, "Nikuulize kitu. Mbuzi yuko?"

Sikuwa na nguvu ya kudanganya. Nikasema hayuko, na hakuwahi kuwako.

Mwirigi, yule mama alicheka mpaka akaweka kisu chini. Akaenda akaleta kile kikapu na kukifunua. Viazi vitamu na ndizi. Akasema, "Mzee hajalala vizuri mwezi mzima. Kila siku ananiuliza, tukienda kwa watu wa mbuzi na blanketi, sisi tutawarudishia nini? Ng'ombe wetu walikufa wakati wa kiangazi. Hiki kikapu nilikuwa nakificha."

Ndiyo hao watu wakubwa wako. Na ile nyama ya harusi, aliniambia mwenyewe, walichangiwa na kanisa lao.

Basi tulikula, na wale wa ukoo waliofika mchana na watoto wao. Baba Wamuyu alikula pamoja na wageni, kwenye kiti. Mzee Kiogora alivua koti, akamwambia Mama hadithi ya punda aliyekimbia na maji ya ubatizo, Mama akacheka akashika mbavu, na mimi nilikuwa hapo karibu yake, nilisikia yote. Watoto walicheza na mipira ya matambara mpaka ikafumuka. Sikuwa nimepanga vizuri lakini nilikaa chini.

Na bado nimekasirika. Mama alikutengea sahani. Aliifunika, akakataa mtu kuigusa. Kesho yake githeri ilikuwa imechacha na bado hakutaka imwagwe. Niliimwaga akiwa amelala. Hilo ndilo lililobaki kwangu kufanya sikukuu hii, kumficha mama yangu githeri iliyochacha.

Wakwe wameondoka jana kwa amani. Karambu amebaki. Anasema hawezi kukaa na mtu anayemwacha mbele ya wazazi wake bila neno. Hakupigi marufuku. Anasema umfuate mwenyewe, na usibebe kitu chochote.

Marcella


Makutano,
12 Januari 1985

Kwa dada yangu Marcella,

Nakusalimu kwa aibu. Mimi ni mzima wa mwili.

Bosi hakutupa kitu. Tarehe 24 alifunga duka saa sita, akatuambia heri na baraka, akaingia gari lake akaenda. Wakwe walikuwa wameshafika stendi na mizigo yao. Ningesema nini? Nikatamka lori. Neno lilitoka tu. Nilidhani nitapata mtu wa kunikopesha kabla ya usiku, na nilizunguka Makutano yote nikibisha milango, na kila mtu ana watoto wake. Krismasi nilijifungia chumbani nikazima redio, majirani wasijue kwamba niko. Nilikula mkate. Sikuwa na raha, kama ndivyo unavyofikiri.

Sasa unaniambia walicheka. Unaniambia walikuwa na viazi kwenye kikapu. Ningejuaje? Mzee akinisalimia hunisalimia kama diwani. Na wewe unaniandikia kama mwalimu anayesahihisha daftari. Mimi ndiye mwanamume pekee wa Mama. Mwanamume hafiki kwa mama yake mikono ikining'inia.

Mwambie Karambu nitakuja mwisho wa mwezi nikipata mshahara. Nitaleta sukari, sabuni, na angalau blanketi moja la Mama. Siwezi kuja hivi hivi, dada. Nielewe.

Ndugu yako,
Mwirigi


Kianjokoma,
19 Januari 1985

Mwirigi,

Tuko wazima.

Blanketi! Bado ni blanketi! Nimemsomea Karambu barua yako, akainuka akaenda kuchuma chai kwenye mvua.

Mama anauliza kila jioni kama Wameru wamefunga barabara. Wewe ulidhani anatazama mlango akitafuta mbuzi?

Njoo Jumapili ijayo, nikiwa nyumbani. Ukibeba sukari nitairudisha kwa basi hilo hilo. Sina neno lingine.

Dada yako


Kianjokoma,
4 Februari 1985

Kwa Mwirigi,

Natumai mlifika salama wewe na Karambu.

Nilisema Jumapili. Umekuja Alhamisi. Mimi niko kituoni kwenye foleni ya kupimiwa majani chai, na ndugu yangu niliyemngoja tangu Krismasi anaingia nyumbani kwangu na kutoka. Hukuweza kungoja hata jua lilale? Nilikuwa na maneno mengi nimeyapanga, sasa nitamwambia nani? Baba Wamuyu amechoka kuyasikia.

Mama ameniambia yote, na kila jioni anaongeza. Anasema ulisimama mlangoni hujui mikono uiweke wapi, ukaiweka mfukoni, ukaitoa, mpaka akakuambia, "Njoo uninyanyue, mguu umekufa ganzi." Anasema ulimbeba mpaka nje, mkakaa juani mpaka chai ikapoa. Karambu alikuwa anawaangalia kutoka shamba la chai, akashuka na kikapu chake hata hakijajaa. Tangu siku hiyo Mama hasemi juu ya mguu. Umevimba vile vile, nimeuangalia.

Sasa nisikilize, kwa sababu kuna jambo lililoniudhi zaidi. Jana kanisani, wakati wa matangazo, Mama aliomba asimamishwe. Akatangazia watu wote kwamba Krismasi ijayo hatakuwa Kianjokoma, anaipeleka kwa mwanawe Makutano. Nilimvuta nguo nikamnong'oneza kwamba chumba chako ni kimoja. Akajibu kwa sauti, kanisa zima likasikia, "Si kuna nje?" Ameshamtuma mtu kwa Mzee Kiogora, na Mzee amekubali.

Usiniandikie juu ya mbuzi. Usinunue kitu. Kila mtu atakuja na chake.

Ila ufagie.

Dada yako anayekupenda,
Marcella