Mbio Zako, Baba, na Machela ya Mama

Baba yangu uliye Nkome,

Shikamoo naiweka pembeni kwanza. Nimesikia kwa wauza dagaa kwamba bado unakimbia kando ya ziwa kila asubuhi, na kwamba mganga wa zahanati alikupima akasema moyo wako ni wa kijana. Nilicheka mpaka wateja wao wakanigeukia.

Unakumbuka ulivyorudi kutoka mgodini Mwadui? Kazi ya ulinzi ilikuwa imeisha, ukatuletea blanketi moja, na wewe ukajiletea raba nyeupe. Ulisema mbio zinafungua kichwa. Siku hizo nilikupenda sana. Nilikaa mlangoni nikikusubiri, ukarudi umelowa jasho, unacheka, hupigi mtu. Kabla ya raba zile ulikuwa unapiga. Haki hiyo sikunyimi.

Lakini ulikimbia saa ileile ngoma ya kulima ilipolia. Kijiji kizima kililima kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule, na asiyefika na jembe lake hafikiwi na mtu akipatwa na shida. Wewe uliwapita barabarani ukiwapungia mkono. Mama alikuomba, "Baba Kabula, kimbia kidogo, halafu nenda ukalime na wenzio."

"Jembe linachosha mwili, mbio zinaujenga," ulimjibu. Kesho yake ukarefusha njia mpaka Ibadakuli.

Masika yaliyofuata uchungu ulimshika mama asubuhi, mtoto akakaa vibaya. Barabara ilikuwa tope tupu. Tukageuza kitanda cha kamba kuwa machela. Machela inataka watu wanne wenye nguvu, nawe ulikuwa mmoja. Ulizunguka nyumba zote mbiombio, hakuna aliyetoka. Mzee Masanja, mpiga ngoma wa kikundi cha kulima, hakuinuka hata kwenye kigoda.

"Baba Kabula, si una miguu? Mkimbize."

Masanja naye simsamehe, ila yeye hakuwa baba yangu. Ulikimbia peke yako hadi hospitali ya misheni, ukarudi na trekta mapema kuliko ambavyo mtu mwingine angeweza. Mama alikuwa ameshafunikwa gubigubi kwa lile blanketi la Mwadui. Hukuwa hata unahema.

Sasa mimi ni mwalimu huku Geita, nami nakimbia, nusu saa kabla ya kengele. Ulisema kweli, kichwa kinafunguka. Nusu saa inatosha, baba. Jioni nashika jembe na majirani, hata mgongo ukiniuma, maana nina watoto na hospitali iko mbali.

Umetuma mtu aniulize kama nitakuja kukutunza ukizeeka. Sitakuja. Nakuombea moyo huohuo wa kijana, miguu isiyochoka, na miaka mingi sana ya kuukumbuka mlango wa Masanja. Usife mapema. Ile shikamoo nimeitafuta, sikuipata.

Ni mimi Kabula, binti yako, niliyeshika mguu mmoja wa machela nikashindwa kuuinua.