Zohali Juu ya Uwanja wa Mpunga

Jumatatu, 4 Septemba

Wananchi wa Kagongwa na vitongoji vyake wajulishwe kwamba leo jioni, baada ya mashauriano marefu baina yangu na mimi mwenyewe, mguu wa tatu wa darubini umevishwa kipande cha kandambili ili usiteleze. Sherehe zitatangazwa.

Mengine kama kawaida. Mashine ya kukoboa nimezima jua likizama. Mpunga umezolewa, uwanja umefagiwa. Nikasimamisha darubini katikati ya sementi, mahali safi na tambarare kuliko pote hapa mjini. Sayari ya Zohali ilikuwa imeshapanda upande wa Isaka. Kwa lenzi kubwa: punje ya njano yenye kama masikio. Nikaweka lenzi ndogo, ile ya kukuza sana. Balaa. Inatetemeka, inavimba, inanywea, kama jiwe unaloliona chini ya maji yanayokwenda.

Mama Kabula akachungulia. "Baba Kabula, nyota yako ina malaria."

Mambo yako hivi. Jumapili cherehani yake inarudi kutoka kwa dada yake. Chumba cha ziada ni kimoja na darubini imekikalia tangu nilipoinunua kwa yule mtaalamu wa mgodini aliyekuwa anahama Kahama. Tumekubaliana: akiiona pete ya Zohali kwa macho yake kabla ya Jumapili, darubini inabaki. Asipoiona, inakwenda kwa mwalimu mmoja wa Kahama ambaye ameshaiomba mara nyingi. Nilikubali haraka. Nilikuwa nimeshiba.

Sasa nimepata njaa na akili zimerudi. Sitaki iende. Nina mashine, nina mizani, nina majembe, nina pikipiki mbovu. Hiki ndicho kitu changu pekee kisicho cha kazi.

Jumanne, 5 Septemba

Nimeshuku miguu. Nikigusa tu skrubu ya kulengea, nyota inaruka kama imechapwa. Nimeifupisha miguu hadi mwisho, nikaning'iniza jiwe la mizani katikati. Kuchungulia inabidi nipige magoti. Mama Kabula akauliza kama nimeanza kusali rozari bila kumwita.

Matokeo: nyota hairuki tena. Ila bado inachemka.

Kwa hiyo magonjwa yalikuwa mawili na nimetibu mmoja. Nimefurahi nusu. Magoti hayajafurahi kabisa.

Jumatano, 6 Septemba

Upepo. Lazima ni upepo. Nimefunga turubai kati ya nguzo mbili kama watu wanaojenga choo cha harusi. Upepo ukakoma. Nyota ikaendelea na homa yake.

Masanja, jirani, akaja. Alichimba Geita miaka mingi, na kwake kifaa chochote chenye kioo ni cha kutafutia dhahabu. Hakusalimia.

"Kaka, huko Isaka hakuna mwamba. Geuza huku Geita."

Nikamwambia hii inatazama juu. Akacheka kwa huruma, kama mtu aliyekwisha kusikia uongo mzuri zaidi. Nikampa achungulie. Akasema kwa sauti ya chini, "Inachemka. Dhahabu ikiyeyushwa inakuwa hivi hivi."

Nilijaribu kueleza. Nadhani nimeharibu zaidi.

Alhamisi, 7 Septemba

Asubuhi watu watatu wamekuja kukoboa mpunga kidogo mno na kuniuliza ninapochimba. Masanja hana breki.

Jioni nimefuta lenzi kwa kona ya kitenge. Hakuna mabadiliko. Kitenge kilikuwa kile cha kutokea. Sitaandika zaidi.

Ijumaa, 8 Septemba

Mwalimu amepiga simu. Atakuja Jumapili mchana na bajaji. Ana furaha, maskini, ananiuliza kama mfuniko wa darubini upo. Nikasema upo. Sauti yangu ilitoka kama ya mtu wa msibani.

Jioni nimejitahidi kuliko siku zote. Miguu mifupi, jiwe, turubai, lenzi ndogo. Nimeshikilia pumzi mpaka kichwa kikauma. Mama Kabula akasimama pembeni akisubiri, na kusema kweli alisubiri kwa moyo mweupe. Alichungulia mara nyingi. Kila mara akatikisa kichwa.

"Naona uji," akasema. "Si kwamba sitaki, Baba Kabula. Naona uji."

Akaingia ndani. Afadhali angenicheka.

Nikajilaza chali pale pale kwenye sementi. Ilikuwa na joto zuri, la kuingia mgongoni taratibu, joto la jua la mchana kutwa. Mgongo ukaacha kuuma. Nikalala pale kama paka wa jikoni nikiilaumu Zohali, nikimlaumu mtaalamu wa mgodini, nikiwalaumu waliotengeneza lenzi. Masanja akapita njiani, akauliza kama nimefariki. Nikamwambia bado.

Kesho ndiyo mwisho.

Jumamosi, 9 Septemba

Nimekasirika. Naandika haraka.

Alasiri limeingia lori la mpunga mbichi la mteja wa Bukombe. Umelowa, lazima uanikwe, na Mama Kabula ndiye mwenye amri ya uwanja. Umemwagwa wote. Umejaza sementi kutoka ukuta hadi ukuta. Jioni ukafunikwa turubai, zote, hata ile yangu ya upepo. Nikauliza darubini itakaa wapi leo. Akasema, "Dunia nzima hii?"

Tumerushiana maneno. Yangu yalikuwa mengi, yake yalikuwa mazuri.

Pamebaki nyuma ya jiko, kwenye majani, kando ya matuta ya viazi. Pameinama, kuna mbuzi. Nimeitoa huko tangu jua halijazama, kwa hasira tu, nikaiacha imesimama yenyewe. Lenzi ndogo siioni. Nadhani niliiweka uwanjani na sasa iko chini ya mpunga wa Bukombe. Na mawingu yanakuja kutoka magharibi.

Basi. Nakwenda, ili isisemwe sikwenda.

Jumapili, 10 Septemba

Baada ya misa nilisimama nje ya kanisa na watu wakanizunguka. Nikawaeleza jinsi nilivyoituliza Zohali kwa kupima, kulinganisha na kufanya mahesabu. Nikawaeleza pete ilivyo. Wengine waliitikia kwa vichwa, kwa heshima. Ilikuwa raha sana.

Hapa niandike ilivyokuwa.

Jana nililenga Zohali kwa lenzi kubwa kwa sababu sikuwa na nyingine. Sikuchungulia vizuri, nilihakikisha tu kwamba imo, nikamwita Mama Kabula awe wa kwanza, kwani makubaliano yalikuwa juu ya macho yake. Alikuja na kanga mabegani na kikombe cha chai. Akainama.

Nikasubiri neno uji.

Halikuja. Akanipa kikombe bila kunitazama, akashika magoti yake kwa mikono miwili. Kisha akasema, "Imetulia."

Nikasema sogea nione.

"Subiri." Halafu, polepole, kama anayesoma kitu kwa mara ya kwanza: "Ni kadogo. Lakini kanaonekana wazi. Kama yai limekaa katikati ya ungo. Na ungo haugusi yai."

Nilisimama nimeshika chai ya mtu. Nilikuwa peku, na majani yalikuwa na baridi. Baridi kabisa. Ndipo nikakumbuka mgongo wangu wa Ijumaa ulivyoota joto, na nikaona haya peke yangu gizani. Sementi ile inakunywa jua kutwa, na jioni inalipumua lote kwenda juu, mbele ya darubini yangu. Ni mvuke ule ule unaocheza juu ya lami ya barabara ya Isaka mchana. Nilikuwa natazama mbinguni kupitia juu ya jiko. Na kwa lenzi ndogo nilikuwa naukuza huo mvuke. Katika Kagongwa nzima nilichagua mahali pabaya kuliko pote, kwa sababu palikuwa pamefagiwa.

Mahesabu hayakuwepo. Aliyenihamisha ni mpunga mbichi wa Bukombe.

Masanja naye akatokea, akaomba, akaruhusiwa kabla yangu. "Haichemki tena," akasema. "Imeganda." Akaondoka anatabasamu. Sijui leo anawaambia watu nini.

Zamu yangu ilipofika niliinama, nikaweka jicho. Weusi. Wingu lilikuwa limefika. Nilibaki pale muda mrefu nikitazama wingu.

Kwa hiyo sijaiona. Yai na ungo niliowasimulia watu wa kanisani ni maneno ya Mama Kabula, neno kwa neno. Alikuwa amesimama nyuma yangu wakati nasimulia. Alirekebisha kola yangu tu.

Mwalimu wa Kahama amepigiwa simu na Mama Kabula mwenyewe, akaombwa radhi kwa upole. Cherehani imefika, imewekwa sebuleni.

Sasa ni jioni na anga ni safi. Mama Kabula ameshatangulia nyuma ya jiko. Amesema nimletee kiti. Kimoja.