Mtoe Zeddy Kwenye Ukurasa Wangu Kabla ya Mvua

Kitalu cha Miche cha Jepkemboi,
S.L.P. 74,
Rongai.

Jumatatu, 24 Machi 2025

Mpendwa kaka Kipyegon,

Pokea salamu kutoka nyumbani. Habari ya Perth, na habari ya zamu pale kwa wazee unaowatunza? Mgongo wako unaendeleaje? Jerotich na watoto hawajambo? Sisi afya tunayo, tunamshukuru Mungu. Mama alikohoa wiki mbili lakini kikohozi kimepoa, na sasa anazunguka boma akigombeza kuku kama kawaida yake.

Hizo ndizo salamu, na nimezitoa kwa adabu. Sasa keti, kwa sababu nimekukasirikia na sina nia ya kuficha.

Naandika kwa kalamu kwa sababu jumbe nane za WhatsApp umezisoma zote, alama za buluu naziona, na hujajibu hata moja. Karatasi huwezi kuisingizia mtandao mbaya. Celestine, binti wa jirani yetu, anarudi huko kesho. Nimemwomba akupe hii mkononi na asimame hapo mpaka uifungue.

Unakumbuka ulivyonipigia Januari. Ulisema sijui kuuza, kwamba ukurasa wangu wa Facebook unasomeka kama matangazo ya kanisa. Ulisema Zeddy, dada ya mkeo Jerotich, ana ofisi Nakuru mjini na ni meneja wa mitandao ya kijamii, anaandikia biashara kubwa, na wewe utamlipa. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kumfungulia mlango. Nilikuwa kwenye kitalu siku hiyo, kisu cha kupandikizia mkono mmoja na simu mkono wa pili. Zeddy akapiga, akataka zile namba sita za kuingilia ukurasa zilizoingia kwenye simu yangu. Nikamsomea moja baada ya nyingine, kwa sauti, kama mtoto anayehesabu mbele ya mwalimu. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, najua, na sikuombi pole.

Lakini matangazo hayo ya kanisa, Kipyegon, ndiyo yaliyonilisha miaka saba. Niliandika, "Leo miche mia mbili iko tayari. Iliyobaki bado midogo, subirini." Na watu walisubiri. Anayenunua mche wa avokado hanunui anachokiona. Analipa leo, anachimba shimo, anatia samadi, halafu anangoja miaka mitatu ndipo ajue kama alidanganywa. Katikati hapo hana kitu cha kushika ila neno langu.

Zeddy hakuona neno, aliona ukurasa mkavu. Ndani ya wiki moja akajaza picha za mashamba ya ng'ambo, matunda makubwa kama vichwa vya watoto, na maneno kwamba miche yangu inazaa baada ya miezi minane. Miezi minane! Hata ng'ombe anataka zaidi. Nilipompigia kumwambia afute, alinicheka.

"Mama Chebet, hiyo ni branding. Wewe relax. Likes zimefika elfu kumi na mbili na bado unalia?"

Nikamwambia likes hazipandwi. Kesho yake nilipojaribu kuingia kwenye ukurasa, sikuweza. Alikuwa amenitoa, eti kwa ajili ya usalama, kwa sababu naweza kubonyeza vibaya. Kitalu ni changu, jina ni langu, picha ile ya juu ni uso wangu na kitambaa changu cha kichwa, na mimi ndiye nimefungiwa nje.

Nilikueleza hayo kwenye ujumbe wa kwanza. Ulisoma, ukanyamaza. Nilidhani unatafuta maneno ya kumwambia shemeji yako bila kuvunja nyumba yako. Nikakupa wiki, nikakupa ya pili.

Sasa sikia kilichotokea Alhamisi. Alikuja mzee mmoja kutoka Bahati, Mzee Nderitu, mwalimu mstaafu, amevaa koti zuri na amebeba mche mmoja ndani ya ndoo. Ana miaka sabini na moja. Ameng'oa mahindi shamba zima, amechimba mashimo mia na hamsini, anangoja mvua tu. Aliagiza miche kupitia ukurasa wangu na ikaletwa na pikapu mpaka mlangoni pake. Mimi sikuwahi kumwona wala kumuuzia. Alikuja kuniuliza jambo dogo, kwa heshima sana.

"Madam, uliandika zamani kwamba ile joint isifukiwe na udongo. Nimeitafuta kwa hii miche yako, siioni. Ama ni macho yangu yamezeeka?"

Nikauchukua mche nikaugeuza mara mbili, ingawa mara moja ilitosha. Macho yake hayana shida. Joint hakuna, ile alama ya mahali kikonyo kinapoungwa na shina. Ni mche wa mbegu tu, wa kokwa iliyotupwa kwenye udongo, ambao haukupandikizwa na mtu yeyote. Huo utakaa miaka saba, pengine kumi, na ukizaa hakuna anayejua utazaa nini. Nikamhesabia mzee huyu miaka hiyo kichwani nikaona aibu kumwangalia.

Nilipomweleza, hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliuliza tu, "Na hao wenzangu wa kikundi cha kanisa? Mimi ndio niliwaambia Mama Chebet hawezi kukosea."

Nilimpigia Zeddy kwa simu ya jirani, maana yangu haipokei. Hakukana. Alisema oda zilizidi uwezo wa kitalu changu, na mteja hawezi kuambiwa asubiri, kwa hiyo "alijazia" kwa wauzaji wa kando ya barabara huko Mai Mahiu. Akajazia! Akaiuza kwa uso wangu. Nilimwambia mambo ambayo sitayaandika, kwa sababu barua hii inaweza kusomwa na watoto wako.

Kikulacho ki nguoni mwako, lakini huyu mimi sikumvaa, ulinivika wewe.

Chuki yangu kwa Zeddy ni ndogo kuliko hasira niliyo nayo kwako, na nitakuambia sababu. Nilipofungua ukurasa ule nilikuweka wewe kama mmiliki pamoja nami, kwa sababu wewe ndiye mkubwa wetu na kwetu mkubwa hutangulizwa, hata kwenye jambo asilolijua. Zeddy aliponitoa mimi, wewe hakuthubutu kukugusa. Kwa hiyo leo wenye funguo ni wawili tu duniani, yeye na wewe. Kila siku uliyonyamaza ulikuwa na ufunguo mfukoni. Mzee Nderitu aliagiza miche yake wiki ambayo wewe ulikuwa unasoma ujumbe wangu wa tano.

Nimempa mzee miche yangu yote iliyokuwa tayari. Haitoshi hata nusu ya mashimo yake. Wenzake wa kikundi wanakuja kwangu Jumamosi. Wanakuja Rongai, Kipyegon, hawaji Perth.

Mvua inasemekana itaanza mwisho wa wiki. Wakishapanda, watapalilia uongo kwa miaka. Nataka kuwapata wote kabla ya hapo, na majina yao yako kwenye kisanduku cha ujumbe cha ukurasa ambao mimi siruhusiwi kuufungua.

Kwa hiyo fanya hivi siku utakayopata barua hii. Ingia, umtoe Zeddy kwanza, kabla hajafuta chochote. Usimpigie simu ya kumwandaa. Halafu fungua ujumbe wa kila mtu aliyeagiza tangu Januari, uniandikie jina lake, mahali anapoishi na namba yake. Usimpe Jerotich akusaidie, na usiniambie umechoka na zamu. Soma mwenyewe, mmoja mmoja. Hawaanzi kwa kuuliza bei. Utaona kila mmoja anaanza kwa kunisalimu mimi kwa jina, na kuuliza kama nyumbani ni wazima.

Msalimie Jerotich. Sina neno naye, lakini aijue hii barua. Wabusu watoto wote wawili kwa niaba ya shangazi yao. Mama anakusalimu, na binti yangu Chebet pia. Mungu akulinde huko uliko, akuponye mgongo, na akupe usingizi mzuri baada ya kazi hiyo, si kabla yake.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na leo sikutaki,

Linah Jepkemboi