Kadi ya Mkaazi

Al Rayyan, Jumapili, 2011

Masikio bado yananiwaka.

Mimi ndiye niliyewaeleza wenzangu, kama nilivyozoea darasani kabla sijaja kuwa dereva huku Uarabuni, kwamba ikama ni kadi ya ukaazi, na kwetu Unguja mwenye kadi ya mkaazi ndiye anayepiga kura. Basi twende tukajiandikishe, tumchague diwani atakayeweka taa kwenye njia ya bweni la kina Zuhura. Zuhura husafisha vyumba hotelini na hurudi gizani. Wiki iliyopita gari lilimkosa kidogo tu.

Karani alizitazama kadi zetu, akatabasamu, akaniita haji kama wanavyomwita huku kila mtu mzima. "Haji, wanaopiga kura ni raia peke yao." Nikawafasiria wenzangu.

"Kumbe umetuleta matembezi, Mwalimu!" akasema Otieno, mlinzi. "Soda iko wapi?" Wote wakacheka.

Mgombea udiwani mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni. Alinipa mkono, akauliza kwa upole, "Mna haja gani, haji?"

Zuhura hajui Kiarabu. Alinitazama, akisubiri nimsemee.

Nikajibu, "Hatuna haja. Tumekuja kutazama tu."

Nilikuwa nimeshachekwa mara moja, na sikutaka...

Njiani Zuhura akauliza, "Umemwambia habari ya taa, Maalim?"

Nikasema nimemwambia. Akaniombea dua, maskini, ndefu kweli.

Zamu yake inakwisha saa tatu usiku. Nimeichukua tochi ya gari, nitakwenda kumsubiri pale njiani. Akiniuliza nimefuata nini, sijui nitamjibu nini.