Kifuniko cha Tanki

Jumatatu, 8 Desemba
Sijamwambia mtu. Mimi ndiye niliyepoteza kifuniko cha tanki la gari la Baba. Nilikuwa naliosha, nikakifungua nikisugue, nikakiacha juu ya bampa. Baba akaondoka nacho. Aliporudi nikaziba mdomo wa tanki kwa nailoni ya mkate, nikaifunga kwa mpira. Siku mbili baadaye nikanunua kifuniko kingine madukani, mtaa wa Kwa Mrombo. Nilipokwenda kukifunga nilikuta mpira tu, nailoni haipo. Nikajua imeanguka njiani.

Leo kazi kama kawaida. Nimepanga spana, nimechemsha chai. Tangu nimalize kidato cha nne niko gereji ya Baba mdogo, Kimandolu, nikisubiri matokeo. Yeye anapima, mimi naandika. Naipenda kazi hii. Haihitaji kuongea.

Gari la Baba limerudi tena. Linazima likipanda mlima. Likipumzika dakika kumi, linawaka kama halijafanya kitu.

Jumanne, 9 Desemba
Baba mdogo alishabadilisha pampu ya mafuta wiki mbili zilizopita. Leo kafunga geji ya kupima presha ya mafuta. Gari limesimama, sindano iko tatu. Kakanyaga mafuta, tatu. Saa nzima, tatu.

"Kaka, gari halina ugonjwa."

"Basi linaugua likiniona mimi?"

Baba mdogo alicheka peke yake.

Nyumbani Baba kamwambia Mama kwamba kafungiwa pampu kuukuu iliyosafishwa, na aliyemfanyia hivyo ni ndugu yake wa tumbo moja. Si kweli. Boksi la pampu nililifungua mimi mwenyewe. Sikusema. Najichukia.

Alhamisi, 11 Desemba
Tumepanda mlima wa Olmotonyi, mimi na Baba mdogo. Geji imefungwa kwa nje, kwenye kioo cha mbele, ili tuione tukienda. Daftari mapajani. Ngaramtoni, tatu. Mlima ulipoanza, mbili na nusu. Mbili. Moja. Gari likafa kando ya migomba ya watu.

Akafungua kifuniko cha tanki, asikilize kama tanki linakosa hewa. Halikosi. Akakigeuza mkononi.

"Hiki si cha gari hili. Karani, andika."

Niliandika. Mwandiko mbaya kuliko wote wa daftari hilo.

Dakika kumi, sindano ikarudi tatu. Akasema kuna kitu kinaziba mafuta yakivutwa kwa nguvu, gari likizima kinaachia. Hapo nikajua. Nailoni haikuanguka njiani. Imo ndani ya tanki.

Nilirudi mpaka Kimandolu bila neno. Hakushangaa. Amenizoea.

Jumapili, 14 Desemba
Baba na Baba mdogo wanaimba besi kwaya moja. Husimama bega kwa bega na kitabu kimoja, kwa sababu Baba husahau miwani. Leo Baba kasimama mwisho wa mstari, hana kitabu, anabahatisha maneno. Baba mdogo alikuwa anamtazama.

Baada ya ibada Baba akamwambia mbele ya watu: "Kesho nachukua gari langu. Usiliguse tena, wala usije kwangu."

Baba mdogo alisema tu, "Sawa, kaka."

Wanaachana kwa sababu yangu.

Jumatatu, 15 Desemba
Nimefika gereji kabla ya wote. Baba mdogo alipokuja nilimpa shikamoo, maneno mengine yakagoma. Nikafungua daftari. Chini ya vipimo vya Olmotonyi nikaandika: Ndani ya tanki kuna nailoni ya mkate. Niliiweka mimi. Samahani. Nikaliweka juu ya boneti, nikaenda kuosha vikombe visafi.

Alisoma. Akatoa mafuta yote, akakunja waya, akaingiza. Nailoni ikatoka imelainika, picha ya ngano bado inaonekana. Alicheka hadi akakalia tairi.

"Karani wangu! Wiki zote hizi napigana na mkate!"

Baba akaingia. Baba mdogo akaificha nailoni mgongoni.

"Takataka tu, kaka. Nimeshatoa."

Angeishia hapo. Angenifichia.

"Ni mimi, Baba," nikasema. Nikaeleza yote, kuanzia bampa. Sauti ndogo, lakini ilifika mwisho.

Baba alinitazama, akamtazama ndugu yake, akakaa kwenye benchi. Hakunigombeza. Nimelala mchana mzima kama mgonjwa aliyepona.

Jumanne, 16 Desemba
Tumepanda Olmotonyi sisi watatu, Baba anaendesha. Tatu. Tatu. Tatu. Sijawahi kuandika namba nzuri hivyo.

Kwenye migomba Baba kasimamisha gari ingawa halikuzima. Wakashuka. Akamshika ndugu yake mkono. "Nisamehe, mdogo wangu." Halafu akajifuta uso kwa tambara la gereji, akajipaka grisi kwenye paji. Karudi nayo mpaka nyumbani. Hakuna aliyemwambia.

Habari ya nailoni wanaijua wote sasa. Mama kaficha mkate, anasema mpaka magari yote ya mtaa yapite. Nimecheka naye.

Ila pale kwenye migomba Baba alikuwa analia. Nilimwona kwenye kioo cha pembeni. Yeye hajui. Hilo libaki hapa.