Mbio za Jabal Akhdhar

Ghubra, Maskati

Wifi yangu Kawthar,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima. Watoto wamefunga skuli, na magoti ya mama yako yamepata nafuu kidogo.

Ijumaa nilikwenda Jabal Akhdhar kukimbia zile mbio za kilomita tano. Kaka yako Hatem alikataa kuja, akasema baridi ya mlimani inamuumiza kifua. Kweli baridi ilikuwa kali, hata maji yaliganda ndani ya chupa. Vidole vilinifa ganzi kabla hatujaanza. Msichana mmoja, Maha, akaniona natetemeka.

"Vaa soksi zangu za mikono, dada. Mimi nimeshazowea."

Tukakimbia pamoja. Kila nilipotaka kusimama, alinivuta mkono mpaka tukamaliza.

Kwenye chai akanambia mumewe alimuahidi kuja, lakini kabaki kumuuguza mamake. Akanionesha picha ya harusi yao kwenye simu. Hatem kavaa bishti, joho la bwana harusi, na wewe umesimama ubavuni mwa bibi harusi, unamtengeneza shela.

Nilivua soksi zake, nikamrejeshea, nikamshukuru.

Hatem n'takutana naye kwa kadhi. Lakini wewe, Kawthar, siku zile ulikuwa mgeni wangu. Ulinambia unakwenda Mabela kwenye harusi ya shoga yako, na ile nguo uliyovaa nilikupigia pasi mimi.

Ni mimi,
Muhsina