Mwaka Ambao Bibi Hakutuma Kaki

Siemiatycze, 6 Desemba

Baba mpendwa,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata padri. Mwezi wa kumi ofisi yenu ya malori ilipiga simu hapa nyumbani kwa sababu simu yako haikupatikana. Bi Grażyna aliuliza, "Baba yako apumzike Noeli au Mwaka Mpya?" Nikamjibu, "Mwaka Mpya." Hakuniuliza mara mbili.

Samahani, nimeanza kabla ya salamu. Shikamoo, Baba. Hujambo? Mgongo unaendeleaje? Mimi nina mafua, na shuleni tunasoma mashairi ya zamani ambayo darasa zima linayachukia isipokuwa mimi.

Nilijibu vile kwa sababu ya mkesha wa Noeli wa mwaka jana, ule wa kwanza bila Mama. Ulipoiona mezani ile sahani tupu tunayomwekea mgeni asiyetarajiwa, ulisimama, ukaenda kukaa ndani ya lori uani, ukawasha injini. Mimi na Bibi tulikula tukiisikiliza. Sikutaka kuisikia tena. Nilidhani bila wewe tutakuwa na utulivu.

Lakini sasa Bibi anaumwa moyo. Daktari amemkataza kupanda ngazi, naye anazipanda akimsema daktari. Juzi aliniambia, "Mwandikie mwanangu. Noeli hii namtaka mezani. Ya mwakani siahidi." Baba, huwezi kubadilishana zamu na mtu?

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunaongea habari za mvua tu, halafu unasema "haya basi." Barua nitaiacha ofisini, dereva atakayekuja huko akuletee.

Binti yako,
Kalina


Maegesho ya malori, karibu na Metz, 12 Desemba

Mwanangu Kalina,

Marahaba. Mimi mzima. Mgongo umezoea kiti, au kiti kimezoea mgongo, mojawapo. Mafua yako yanywee chai ya raspiberi ya Bibi, hata kama inanuka dawa.

Lile neno la kwenye simu usiliweke moyoni. Mtoto kupokea simu si kosa. Na jambo lenyewe nimeshalimaliza. Nimeongea na Zenek, yule mwenye masharubu aliyebeba jeneza la mama yako pamoja nami. Yeye ndiye aliyepangiwa kupumzika Noeli. Alicheka sana. "Mirek," akasema, "nikikaa nyumbani, mama mkwe ataniuliza mara ishirini kwa nini bado natembelea lile gari bovu. Chukua Noeli yangu na baraka zote!"

Basi, tarehe 22 nageuza lori. Mwambie mama asipande ngazi, na samaki asikaange peke yake.

Baba yako


Siemiatycze, 18 Desemba

Baba mpendwa,

Shikamoo! Mafua yamekwisha. Bibi amekuwa mtu mwingine tangu nimsomee barua yako. Jana nilimkuta juu ya kiti akifuta taa. Nikamwambia, "Bibi, shuka." Akasema, "Daktari alisema ngazi. Hiki ni kiti."

Kila mwaka ulipokuwa njiani, Bibi alivunja pembe ya kaki ya mkesha, ule mkate mwembamba wa parokia tunaogawiana kwa kutakiana heri, iliyobaki tukaitia kwenye bahasha ikufuate popote ulipo, ili nawe uwe umeshiriki nasi. Mwaka huu nilipotoa bahasha alininyang'anya.

"Kaki ya bahasha ni ya wasiokuja," akasema. "Ni ya shangazi zako wa Chicago. Mirek ataivunjia hapa, mkononi mwangu."

Nikamwambia tutume moja tu, kama tahadhari, maana theluji haina adabu.

"Ukimtumia, umemruhusu kubaki huko."

Kwa hiyo sikukutumia. Kaki ziko kabatini, tatu, ndani ya karatasi ya parokia. Nimeandika pia nitakachokutakia wakati wa kuvunja, nimekikariri, kwa kuwa nikianza kusema ana kwa ana huwa nakwama. Usicheke. Na sahani ya mgeni, Bibi amesema anaweza kuiweka karibu na dirisha, usiitazame sana.

Binti yako anayekungoja,
Kalina


Siemiatycze, 27 Desemba

Baba,

Hujambo? Natumaini u mzima.

Siku ya mkesha nyota ya kwanza, ile inayofungua mlo, ilionekana saa kumi jioni. Unajua hakuna anayegusa chakula kabla kaki haijavunjwa, na mkubwa ndiye anayeanza. Bibi aliishika, hakuivunja. "Ngoja," akasema, "barabara ina theluji." Nilipasha supu ya bitiruti, ikapoa, nikaipasha tena. Saa mbili nikasema, "Bibi, tuanze sisi wawili."

"Nianze na wewe, halafu yeye akifika avunje na nani? Na mlango?"

Aliirudisha kwenye sahani. Hatukuvunja. Nilikula kipande cha mkate jikoni nikiwa nimesimama, yeye hakula kitu.

Kesho yake kanisani nilimwona Zenek na mkewe, benchi la tatu. Nilifikiri nimemfananisha. Nje nikamfuata. "Mjomba Zenek, si uko zamu?"

"Zamu gani? Mimi leo nimelala mpaka saa tatu. Mke wangu nusura aniitie mganga."

"Hukubadilishana na Baba?"

Akaacha kucheka. "Mimi na baba yako hatujaongea tangu mwezi wa tisa, mama."

Nilipofika nyumbani nilimwambia Bibi kwamba barabara zimefungwa na umekwama. Akasema, "Ndiyo, theluji." Hakunitazama.

Jana asubuhi alianguka jikoni. Upande wa kushoto haumtii na maneno yanamtoka nusu nusu. Yuko hospitali. Nimekupigia mara kumi na nne. Baba, hata kama umekasirika kwa lile nililoiambia ofisi, nakuomba uje. Hata kwa siku moja. Anauliza, "Mirek amefika?" Hilo analitamka vizuri kabisa.

Binti yako,
Kalina


Maegesho ya malori, karibu na Metz, 4 Januari

Mwanangu Kalina,

Sijui kama bado nina haki ya kukuuliza hali yako. Nakuuliza. Hujambo?

Si wewe. Hilo ndilo kubwa, ukiacha kusoma hapa inatosha. Karatasi ya sikukuu tunaisaini ofisini mwezi wa tisa, na mimi nilisaini kwamba nitafanya kazi Noeli kabla Grażyna hajakupigia. Alikuwa anahakikisha tu. Hata ungejibu "Noeli," angekuja kuniuliza, nami ningemwambia umekosea.

Zenek sikumwuliza. Kicheko chake nilikitunga mwenyewe, na mama mkwe wake pia. Nilipoandika nilikuwa nimeamua kuja kweli, niliona nitapata mtu baadaye. Halafu tarehe zikapita.

Tarehe 24 tulikuwa watano hapa, maana siku mbili zilizofuata malori yalikatazwa barabarani upande wa Ujerumani. Dereva mmoja wa mji wa Łomża alichemsha pierogi kwenye jiko la gesi, tukala tukiwa tumesimama kati ya trela. Alikuwa na kaki aliyotumiwa na mkewe. Akaniletea. "Vunja, kaka." Nikamwambia yangu iko nyumbani. Akasema, "Basi wewe una bahati, una pa kwenda." Nikarudi ndani ya kabini.

Simu niliiona ikiita. Jina lako linatokea na ile picha yako ya kipaimara. Niliilaza kifudifudi.

Sijui kukaa kwenye ile meza, Kalina. Kuendesha najua. Kila kitu mle ndani amekigusa mama yako, na wewe unaniangalia kama yeye, unangoja niseme kitu.

Pasaka nitakuja. Hilo naapa. Mwambie mama yangu nampenda.

Baba yako


Siemiatycze, 16 Januari

Baba,

Shikamoo. Barua yako ilifika Jumanne. Mimi sijambo, natumaini mgongo unakupa nafuu.

Bibi nilimsomea mwisho tu, pale uliposema unampenda. Aliitikia kwa kichwa. Mpaka siku ya Mamajusi alikuwa akiuliza kama umefika, kila mlango wa wodi ulipofunguliwa. Tangu hapo hajauliza.

Jana baada ya shule nilienda ofisini kwenu. Sikuwa na maana ya kukuchunguza. Nilitaka kuiona hiyo karatasi kwa macho yangu ili niache kuota kuhusu ile simu. Bi Grażyna alisema, "Si siri, mpenzi, ile pale ukutani." Ulisema kweli, sahihi yako ni ya mwezi wa tisa. Chini yake kuna mstari wa watakaofanya kazi Pasaka. Sahihi yako ipo hapo pia, tarehe ileile, kalamu ileile.

Bi Grażyna aliniona nimesimama hapo muda mrefu akadhani najivunia. "Baba yako ni wa peke yake," akasema. "Wengine hunililia hapa kila sikukuu. Yeye hujitolea, sina hata haja ya kumwomba."

Nilimshukuru, nikaenda hospitali. Bibi anahamishiwa nyumba ya wagonjwa wasiojiweza, na muuguzi alinipa fomu. Kulikuwa na nafasi ya mtu wa kuitwa likitokea lolote. Niliandika jina langu. Muuguzi akalikata taratibu kwa rula. "Una miaka kumi na sita, kipenzi. Hakuna mtu mzima?"

Niliandika Teofila Sawicka, wa nyumba ya jirani, na namba yake. Palipoulizwa uhusiano niliandika "jirani." Kisha nikarudi wodini, nikamkata Bibi kucha za mkono wa kulia, maana wa kushoto hauwezi kushika mkasi, nikapanda basi la saa kumi na moja. Bi Teofila nilimwambia nilipofika. Alisema sawa.

Kalina